Pilipili, mpinzani wa Kampemba na kona ya tatu

Swali la wiki hii limetoka Katuba, hapa Lubumbashi. Ninaliweka kama lilivyoandikwa:

"Jambo Mama. Mimi niko mwanafunzi wa elektroniki. Nina roboti ya kufuata mstari mweusi, jina lake Pilipili: Arduino Uno, mota mbili za njano, L298N, vihisi vitano, betri mbili za 18650. Kuna kijana mmoja wa Kampemba ananishinda kila mara. Nyumbani usiku Pilipili anakimbia muzuri, lakini siku ya mashindano anayumba na kutoka kwenye kona ya tatu. Mara ya mwisho nilikasirika, nikaweka kasi 255, akatoka hata kwenye kona ya kwanza. Nikamupiga teke mbele ya watu wote. Sasa usingizi sipati, namuwaza yule kijana tu, na video zake naziangalia kila siku. Ninunue mota gani ili nimushinde? Na kumuwaza mutu hivi iko mubaya?"

Mwanangu, nilicheka nilipofika kwenye teke, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu huenda teke hilo limekugharimu zaidi ya aibu. Tutalifikia.

Mota usinunue. Mota za njano si za kujivunia, lakini kwa maelezo yako hazijakushinda. Roboti inayotoka kwenye kona ya tatu kwa mwendo wa kawaida, na kwenye kona ya kwanza kwa 255, namba ya juu kabisa ya kasi kwenye programu, ina nguvu za kutosha tayari. Ukiipa mota kubwa itatoka mapema zaidi, kwa heshima zaidi.

Mimi kazi yangu ni mitambo inayojiongoza katika viwanda vya kuchenjua shaba: kina cha tangi, mtiririko wa asidi, joto la myeyuko. Huko hakuna mashindano wala makofi, ila ugonjwa wa Pilipili tunaujua sana. Mashine yenye hasira ni ile inayolijibu kosa la sasa kwa nguvu zote bila kujali kosa hilo linaelekea wapi.

Tazama programu yako iliyo ndani ya Arduino, ile kompyuta ndogo inayomwongoza Pilipili. Nakisia ilivyo, maana roboti nyingi za kwanza huandikwa hivyo. Kihisi cha katikati kikiona mweusi, nenda. Cha pembeni kikiona, pinda kidogo. Cha mwisho kabisa kikiona, pinda sana. Ukubwa wa kosa unazidishwa kwa namba moja, jibu linapelekwa kwenye mota, basi. Kwa mwendo wa taratibu inatosha kabisa. Lakini kati ya kihisi kuona na gurudumu kutii kuna kuchelewa: programu inasoma, inahesabu, kisha mota inapambana na uzito wa gari. Tuseme yote hayo yanachukua sehemu 20 za elfu za sekunde. Pilipili akienda mita 1 kwa sekunde, katika muda huo amesogea sentimita 2. Utepe mweusi wa umeme mnaobandika sakafuni una upana wa milimita 19 hivi. Anapoanza kuitii amri, habari aliyopewa imeshapitwa na wakati. Anarudi kwa nguvu, anaupita mstari, anagundua amekosea upande wa pili, anarudi tena kwa nguvu zaidi. Huko ndiko kuyumba unakokuona. Kwenye sehemu iliyonyooka anaweza kuponea, lakini akiingia kwenye kona huku tayari anayumba, kona inamtupa nje.

Mabaharia walihangaika na jambo hili zamani. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani, alichapisha uchambuzi wa namna meli inavyoweza kushika njia bila mkono wa mtu. Alianza kwa kuwatazama washika usukani wenyewe. Aliona kwamba aliye hodari hatazami tu meli imepotoka kiasi gani. Anatazama pia inapotoka au inarudi kwa kasi gani, na anazingatia kama imekuwa ikisukumwa upande mmoja kwa muda mrefu. Mawazo hayo yalijaribiwa kwenye manowari ya Marekani iitwayo New Mexico. Leo karibu kila kiwanda kinayatumia, na yanaitwa PID. P ni kosa lililopo sasa. I ni makosa yaliyolimbikizana. D ni kasi ambayo kosa linabadilika.

Pilipili ana P peke yake, na P yake ni kubwa mno. Kinachokosekana ni D. Kosa likiwa kubwa lakini linapungua haraka, D inasema "inatosha, legeza, unarudi tayari". Kosa likiwa dogo lakini linakua haraka, D inasema "amka, kona imeanza". Kuiandika ni mistari michache tu: hifadhi kosa la mzunguko uliopita wa programu, litoe kwenye kosa la sasa, zidisha tofauti hiyo kwa namba ya D, kisha ujumlishe na sehemu ya P. Jumla hiyo unaiongeza kwenye mota moja na kuipunguza kwenye nyingine. I iache kwenye sifuri. Kwa roboti ya mstari mara nyingi inaleta fujo kuliko faida.

Namba zenyewe utazipata kwa subira. Weka mwendo wa msingi nusu ya unaoutaka. D iwe sifuri. Panda na P taratibu mpaka Pilipili aanze kuyumba bila kukoma, hata kwenye mnyooko, kisha ishushe hadi karibu nusu. Sasa panda na D mpaka kuyumba kuishe. Ukizidisha D utamwona anatetemeka kama mwenye homa, kwa sababu D inakuza kila kelele ndogo ya vihisi. Rudi nyuma kidogo. Halafu ongeza mwendo wa msingi, na urudie, kwa sababu namba zinazofaa kwa nusu mita kwa sekunde hazifai kwa mita moja. Njia ya kupandisha P hadi mtambo uyumbe ilielezwa na Ziegler na Nichols mwaka 1942, na bado inafundishwa. Sisi kiwandani hatuthubutu kuifanya hivyo kwenye tangi lililojaa asidi. Wewe una bahati: Pilipili akiyumba, hakuna anayeungua.

Kabla ya hayo yote, futa kila delay, yaani amri ya kusubiri, iliyo ndani ya mzunguko wa programu, na futa Serial.print zote, yaani amri za kutuma maandishi kwenye kompyuta. Watu wengi hawaliamini hili mpaka wajaribu. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja inachukua karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde kutoka. Ukichapisha mstari wa herufi thelathini kila mzunguko, umemfumba Pilipili macho kwa sehemu thelathini za elfu, mara nyingi kila sekunde. Kisha unashangaa kwa nini anaiona kona akiwa amechelewa! Kusoma vihisi vitano kwa amri ya analogRead kunachukua karibu nusu tu ya sehemu moja ya elfu. Arduino yako si mvivu. Umeipa maneno mengi ya kusema.

Sasa nije kwenye lile ambalo ndilo kiini cha barua yako, ingawa umelitaja kwa kupita: nyumbani usiku anakimbia vizuri, kwenye mashindano anaharibu. Huenda umelichukulia kama uoga, au uchawi, au macho ya yule kijana. Mimi naona betri, jua na vumbi.

Betri kwanza. Seli mbili za 18650 zikijaa zina volti 8.4. Zikitumika jioni nzima zinashuka hadi 7 hivi. L298N, kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, ni cha teknolojia ya zamani, na kinakula karibu volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Kwa hiyo usiku, seli zikiwa zimechoka, mota zinapata volti 5. Asubuhi ya mashindano, seli zimejaa, zinapata 6.4. Hiyo ni zaidi ya robo ya nyongeza, na kwenye programu hujagusa chochote; bado umeandika namba ileile ya kasi, tuseme 180. Umempangia Pilipili mwendo akiwa na njaa, halafu umempeleka kwenye mashindano ameshiba. Kwa namba zako za usiku, mwendo ule wa asubuhi ni wa roboti nyingine. Na sisi wa mji huu, ambao tunachaji umeme unaporudi na si tunapotaka, hatuna siku mbili ambazo betri ziko sawa.

Dawa yake ni rahisi. Chukua rezista mbili za kiloomu 10, ziunganishe mfululizo kati ya chanya ya betri na ardhi ya saketi, na katikati yake chomoa waya hadi pini A5, au pini yoyote ya analogi iliyobaki. Volti 8.4 zitaonekana kama 4.2, ambazo Arduino inazimudu bila kuungua. Sasa programu inajua hali ya betri. Badala ya kuiambia mota "180", amua unataka mota ipate volti ngapi, tuseme 4. Toa zile 2 za L298N kwenye volti za betri, gawanya 4 kwa kinachobaki, zidisha kwa 255. Betri ikijaa namba itakuwa 159 hivi, ikichoka itakuwa 204. Namba inabadilika, mwendo unabaki uleule, na kazi yako ya usiku inakuwa na thamani asubuhi. Kama hili ni gumu kwa sasa, fanya la mkato: kila unapopanga namba, hakikisha betri zimejaa kama zitakavyokuwa siku yenyewe, na upime kwa multimita kabla ya kuanza.

Jua. Vihisi vyako vinatoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kupima unaorudi: sakafu nyeupe inaurudisha, utepe mweusi unaumeza. Jua nalo limejaa infraredi. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mchana wa kiangazi anga halina hata wingu la kulipunguza. Usiku chumbani, chini ya balbu moja, mweusi ni mweusi. Mchana, karibu na dirisha au chini ya turubai, kihisi cha upande wa jua kinaona mwanga mwingi hata juu ya mweusi, na Pilipili anaamini kwamba mstari umehamia upande mwingine. Nakisia kwamba kona yenu ya tatu ndiyo inayolitazama dirisha; nenda kaangalie. Kata karatasi ngumu nyeusi, uifunge kuzunguka ubao wa vihisi kama sketi, ifike karibu na sakafu bila kuburuta. Na usitumie kamwe kipimo cha nyumbani kutofautisha mweusi na mweupe: mwandikie Pilipili sekunde chache za mwanzo ambazo unamsogeza kwa mkono kulia na kushoto juu ya mstari, akumbuke kubwa na ndogo ya kila kihisi palepale uwanjani. Mpinzani wako, kama anamwandikia mtu kama mimi, hilo anafanya tayari.

Vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna haja ya kukueleza. Unalifagia kila asubuhi. Tairi zikipata ile poda nyekundu zinateleza. Kitambaa chenye maji kidogo, futa tairi kabla ya kila mzunguko, acha zikauke. Basi.

Na kuteleza kunanileta kwenye 255. Kuna kikomo ambacho hakuna hasira inayokivuka. Mwendo mkubwa kabisa ambao gari linaweza kupita nao kwenye kona ni kipeuo cha pili cha zao la mambo matatu: mshiko wa tairi na sakafu, mvutano wa dunia ambao ni 9.8, na nusu kipenyo cha kona. Kona ya nusu kipenyo cha sentimita 10, tairi safi zenye mshiko wa 0.9: mita 0.94 kwa sekunde. Tairi zilezile zikiwa na vumbi, mshiko umeshuka hadi 0.6: mita 0.77. Juu ya hapo Pilipili atateleza nje, hata akiwa na PID iliyoandikwa na malaika. Uone pia kwamba uzito haumo kwenye hesabu hiyo. Wale wanaobandika risasi za kuvulia samaki ili gari "lishike chini" wanazichosha mota bure. Kinachosaidia ni kuziweka betri chini kabisa, gari lisiinuke upande mmoja kwenye kona.

Weka 255 kwenye mnyooko ukitaka, lakini ujue faida iko wapi. Chukua njia yenye mita 4 za mnyooko na mita 3 za kona. Kwenye mnyooko unakwenda mita 1 kwa sekunde, kwenye kona nusu mita. Mnyooko unakula sekunde 4, kona zinakula 6. Ukiongeza mwendo wa mnyooko kwa asilimia 10 unaokoa sekunde 0.36. Ukiongeza ule wa kona kwa asilimia 10 unaokoa 0.55. Na ukitoka nje mara moja, ukautafuta mstari kwa sekunde 2, umepoteza faida zote mbili na chenji. Kwenye fainali za Japani za mwaka 2017, katika mbio za roboti ndogo zinazotafuta njia ndani ya uchochoro wa kuta, roboti iitwayo Red Comet ilichagua njia ndefu kuliko ya wapinzani wake kwa sababu ilikuwa na kona chache, ikashinda. Wewe njia huchagui, umewekewa utepe. Lakini sasa unajua muda wako umelala wapi.

Tuje kwenye teke.

Vihisi vya aina ya TCRT5000, ambavyo nadhani ndivyo ulivyo navyo, vinaona vizuri zaidi vikiwa milimita 2 au 3 kutoka sakafuni. Ubao wako umeshikwa na skrubu mbili au na gundi. Teke moja linatosha kuupindisha, kushoto ukabaki kwenye 3 na kulia ukapanda hadi 8. Kwa macho huoni kitu. Pilipili anaona dunia imelala upande, na kila atakachojifunza kuanzia leo atakijifunza juu ya kosa hilo. Utapanga P, utapanga D, utanunua mota, na bado kona za kulia zitakusumbua bila maelezo.

Hili si la kukutisha. Liliwakuta wakubwa. Mwezi Machi 2004 jeshi la Marekani, kupitia idara yake ya utafiti DARPA, liliandaa mbio za magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave. Hakuna aliyemaliza. Aliyefika mbali zaidi, Sandstorm wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alikwama baada ya kilomita 12 hivi. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba, Carnegie Mellon walirudi wakiwa na magari mawili, Sandstorm na H1ghlander, chini ya Red Whittaker, mtu ambaye hakuwa amekuja kushiriki, alikuja kushinda. Aliyesimama mbele yake alikuwa Sebastian Thrun wa Stanford, ambaye miaka michache kabla alikuwa mwalimu palepale Carnegie Mellon. Unaona? Hata huko mpinzani anayeuma zaidi ni yule mliyekula naye sahani moja.

Njia ilikuwa kilomita 212, zawadi dola milioni 2. H1ghlander alitangulia. Kisha, bila mtu kuelewa kwa nini, akaanza kukosa nguvu kwenye milima. Stanley, gari la Thrun, lilimpita, likamaliza kwa saa 6 na dakika 53. Sandstorm alifika kwa saa 7 na dakika 4, H1ghlander kwa saa 7 na dakika 14. Dakika kumi na moja kati ya wa kwanza na wa pili, baada ya siku nzima jangwani. Waliotafuta sababu za ushindi walisema Stanley alikuwa na akili nzuri, na ni kweli: lilikuwa gari lililopunguza mwendo lenyewe lilipotikiswa sana na barabara, tabia ambayo ningependa Pilipili aiige. Lakini sababu ya H1ghlander kuishiwa nguvu ilijulikana miaka 12 baadaye, mwaka 2017, gari likiwa limeshageuka kumbukumbu. Wiki chache kabla ya mbio lilikuwa limepinduka mazoezini. Katika kupinduka, kichujio kidogo cha umeme kati ya kompyuta ya injini na vipuliza mafuta kiliharibika. Kwa nje kilikuwa kizima. Ukikigandamiza, injini inazima.

Timu nzima ya wahandisi ilikuwa na macho kwa Stanford, na kilichowaangusha kilikuwa ndani ya boneti yao. Mwaka 2007, kwenye mbio za mjini, Carnegie Mellon walimleta Boss na kuishinda Stanford, kama hilo linakupa moyo.

Basi, kabla ya kugusa programu, mkague Pilipili. Pima kwa rula urefu wa kila kihisi kutoka sakafuni, kushoto na kulia. Kisha mgeuze mgongo chini. Zungusha magurudumu kwa mkono, usikilize kama mota moja inakwaruza; gia za plastiki za mota za njano huvunjika jino kwa urahisi. Vuta kila waya taratibu. Tazama lehemu za L298N chini ya mwanga mkali. Ukikuta kitu, umeshapata sekunde zako bila kulipa hata franga moja.

Umeuliza kama kumwaza mtu hivyo ni vibaya. Katika mji wa Mazembe na Lupopo, timu za mpira zilizo mahasimu, nani atakukataza kuwa na mpinzani? Ningeogopa zaidi kama ungeniandikia kwamba hujali kushindwa. Ila kumbuka kwamba Mazembe, siku ile ya Desemba 2010 walipoipiga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia, hawakuwa na Lupopo mbele yao. Ukimpima kila mtu kwa jirani mmoja, siku jirani akikosa kuja hutajua una mwendo gani.

Shida ninayoiona kwako iko kwenye namna unavyofanya kazi ukiwa na hasira. Umebadilisha kasi kutoka ile uliyoijua hadi 255, katikati ya mashindano, bila jaribio. Nina hakika usiku ule ulipofika nyumbani ulibadilisha na mambo mengine manne. Kesho yake Pilipili akiwa bora au mbaya zaidi, hujui ni kwa sababu ya lipi. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila kitu kwenye daftari: volti za betri, P, D, mwendo wa msingi, muda wa mzunguko, alitoka kona gani. Fundi wa kiwandani anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja bila kuandika, kwetu anaondolewa kwenye zamu.

Video za yule kijana usizifute, zitumie. Simu nyingi zinarekodi picha 30 kwa sekunde. Isimamishe video, isogeze picha moja moja, uhesabu anachukua picha ngapi kwenye mnyooko na ngapi kwenye kila kona. Gawanya kwa 30. Fanya hivyo kwa Pilipili pia, kwenye njia ileile. Nakubashiria utakuta mko sawa kwenye mnyooko, na kwamba tofauti yote iko kwenye kona mbili. Ukishapata namba hizo, video imemaliza kazi yake. Ukiitazama mara ya kumi na moja haitakuwa na picha mpya.

Kisha mfuate. Ndiyo, mfuate Kampemba. Kiwandani tukishindwa kujua kifaa kipi kibovu, tunakiazima kizima kutoka mtambo wa jirani. Mwombe mbadilishane betri kwa mzunguko mmoja. Pilipili akipata nafuu, tatizo lilikuwa betri. Yeye akianza kuyumba, umejua kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajui. Mbadilishane na tairi. Hakuna mpinzani anayekataa mchezo huo, kwa sababu naye ana hamu ya kujua.

Makuta uliyoyatenga kwa mota yatumie hivi. Toa L298N, weka TB6612FNG, kifaa cha kazi ileile: inapoteza volti kidogo sana, ni ndogo, ni nyepesi, na inabeba ampea 1.2 kwa kila mota bila kulalamika. Ukiiweka, kumbuka kuondoa zile volti 2 kwenye hesabu niliyokupa juu. Kinachobaki nunua jozi ya pili ya seli, ili moja iwe kwenye chaja wakati nyingine inafanya kazi. Chagua kwa makini, maana mezani sokoni ziko seli za 18650 zilizoandikwa mAh 9900, yaani kipimo cha akiba ya umeme. Seli nzuri za ukubwa huo nyingi zinafika karibu 3500. Yenye 9900 mara nyingi ni nyepesi mkononi na inachoka katikati ya mzunguko wa tatu. Muuzaji atakuapia, wewe mrudishie.